Asal si Asali

Galbet, Garissa
Alasiri, kabla ya kafyu

Aabo Bishar,

Salamu nilikupa asubuhi kwa mdomo, na nyingine nitakupa kesho lori likianza kunguruma, kwa hiyo hapa sizirudii. Nimekuita aabo kama wewe unavyoniita, maana kwetu baba na mtoto huitana jina moja. Ningeanza na "mwanangu mpendwa" kama mnavyofundishwa shuleni, ungedhani barua hii imeandikwa na karani wa D.C.

Umetoka na mama yako, hooyo, kwenda kuwaaga shangazi zako. Nimebaki na kalamu yako na ukimya wa nyumba. Naandika sasa kwa sababu jua likizama haturuhusiwi kuwasha taa, na mambo haya siwezi kuyasema mbele ya mama yako. Atalia, na akilia nitanyamaza, na nimekwisha nyamaza vya kutosha. Usishangae herufi zinalala upande, ni mkono wa kushoto huu. Naandika Kiswahili kwa kuwa lugha yetu haijapata maandishi yake, na Kiarabu changu ni cha kusalia tu. Hata hiki Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na mtu, kwa kipande cha mkaa, juu ya gunia la chumvi. Mtu huyo ndiye unayekwenda kwake kesho.

Habari za kula, kuswali, kufua nguo na kutolala na viatu, hooyo amekuambia mpaka mbuzi wamezikariri. Mimi nitakuambia habari za ngozi na habari za Mutiso. Ukifika mwisho utaona ni habari moja.

Unamwita abti, mjomba, ingawa hakuzaliwa na mama yako. Alikubeba mabegani ulipokuwa huwezi kuvuka mchanga wa moto. Alikuja Garissa kutoka Kitui kufanya kazi kwenye banda la ngozi la yule Mzungu, nami nilimtangulia kidogo tu. Wawindaji walileta wanyama, sisi tukawachuna, tukazipara ngozi na kuzitia chumvi, kisha zikapelekwa Nairobi kujazwa majani makavu na kuwekwa macho ya kioo, mnyama aonekane kama anataka kukukimbia ukutani. Watu wetu walinicheka. Mtu anayeshinda ananuka ngozi hapewi binti kwa urahisi, na babu yako wa upande wa mama alinizungusha mpaka nikachoka. Aliyekuja kuniombea ni Mutiso, kwa Kisomali chake kibovu, akawachekesha wazee mpaka wakakubali. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, maana sitaki kukupunja upande wowote.

Siku yake ya kwanza bandani alikuta gunia langu la asal. Wewe unaijua asal tangu unatambaa, lile gome jekundu la kusaga ambalo mama zetu hudabighia ngozi za viriba na vibuyu vya maziwa. Akaniuliza ni nini, nikamjibu, "Asal." Uso ukamng'aa. Akachovya kidole, akakitia mdomoni chote. Bishar, sijawahi kuona mtu akikunja uso namna ile! Ulimi ulikauka kama umepakwa chokaa, akazunguka banda akitema, na mimi nimekaa chini nashika mbavu. Kwake yeye asali ilikuwa asali. Sisi asali yetu ni malab, na asal ni gome. Tangu siku hiyo neno lile likawa letu wawili. Nikimletea chai ataniuliza, "Umeitia asal?" Tukigombana asubuhi, jioni mmoja atalitaja, na ugomvi umekwisha.

Nilimfundisha asal, naye akanifundisha shabu, lile jiwe jeupe la kukazia ngozi. Ngozi ya kiriba haijali rangi, lakini ngozi ya kuwekwa ukutani ukiitia asal yale manyoya meupe ya tumboni hugeuka mekundu kama kutu, na mwindaji atakufukuza. Kwa hiyo ni chumvi na shabu. Ngozi yangu ya kwanza ya swala niliianika juani, nikijisifu kwamba itakauka upesi kuliko za Mutiso. Ilikauka kweli. Nilipoiloweka, manyoya yakabaki mikononi mwangu kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Mutiso hakunisema kwa Mzungu. Alisema fisi ameivuta. Unaona jinsi alivyoweza kusema uongo vizuri aliponipenda.

Wewe mikono yako imenishinda mimi siku nyingi, sikufundishi kupasua mdomo wa mnyama kwa ndani wala kugeuza sikio bila kulitoboa. Ila huko Nairobi watakuwa na haraka, na haraka ndiyo inayoua watu wa kazi hii. Tindikali yao utaimimina wewe juu ya maji, polepole. Asije mtu akakuambia umwage maji juu ya tindikali, hata akiwa na tai shingoni. Ile sumu nyeupe ya kuzuia wadudu, usiipake ukiwa na jeraha, hata la mwiba. Funga kitambaa puani, simama upepo ukitoka nyuma yako, na nguo za banda zisiingie unakolala. Yule Mzungu wetu alikuwa akiweka kiko chake juu ya meza ya sumu, akakichukua, akavuta. Tulimcheka tukidhani ni uzembe wa mtu mkubwa. Kucha zake zilianza kuwa na mistari myeupe, kisha akawa hashiki kijiko. Aliondoka Garissa amebebwa, na banda likabaki na sisi.

Na mnyama aliyekutwa amekufa, usimguse. Hili nimekuimbia tangu utoto, ila hukuwahi kusikia lilikotoka. Tulikuwa porini, mimi na Mutiso, tukakuta pundamilia dume amelala, ngozi safi haina kovu, yaani ngozi ya kuota usiku. Nilikwisha chomoa kisu na kupiga goti. Mutiso akanidaka kifundo cha mkono wa kulia, akakibana mpaka kisu kikaanguka. "Yarow, tazama pua." Damu nyeusi, nyepesi, haigandi. Kimeta. Kwao Kitui alimwona baba yake mdogo akichuna ng'ombe wa namna hiyo, akamwona pia akizikwa. Tuliondoka bila kumgusa yule mnyama. Njia nzima alinishika mkono ule kama mtoto, na mimi sikumzuia.

Nimekuandikia hayo kwa sababu yanayofuata ni ya mkono uleule.

Vita vya serikali na shifta vilipoanza, unakumbuka, banda halikufungwa mara moja. Mwaka wa pili wa vita alitokea mteja wa Nairobi mwenye kibali, akitaka ngozi ya hirola. Mnyama huyo huna pa kumpata ila huku kwetu. Tukapata lori, tukaenda upande wa Kotile. Tulimpata, tukamchuna vizuri, tukamfunika chumvi. Kurudi, wenyeji wakaniuzia gunia la asal kwa ajili ya viriba vya mama yako. Mutiso alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma na ngozi, gunia, kopo la sumu, na abiria wachache tuliowapa lifti njiani.

Kabla ya kufika mjini kulikuwa na kizuizi. Askari walitushusha wote. Wenye sura kama yangu wakaambiwa wakae mchangani upande huu, wengine wasimame upande ule karibu na lori. Hilo nilikuwa nimelizoea, sikulihesabu kuwa jambo. Mutiso alisimama upande ule, kofia mkononi, karibu hivi na mimi kama mlango ulivyo na kitanda chako.

Askari kijana akapanda, akapiga teke gunia. "Nini hii?"

"Asal, afande."

"Asali?"

"Ndiyo, afande. Asal."

Hapo ndipo penye ujinga wangu, aabo. Masikio yangu hayakusikia tofauti. Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kuandika barua, na sikukumbuka kwamba kwa mtu huyu neno lile lina utamu. Akafungua gunia, akachovya kidole kama Mutiso alivyochovya, akalamba. Akakunja uso kama Mutiso alivyokunja. Haki ya Mungu, nilitaka kucheka. Nikamtazama Mutiso tucheke wote.

Mutiso alikuwa anatazama matairi.

Askari akatema mate mara nyingi, akaanza kutukana. Akaona kopo pembeni. Akalikamata, akalifungua, na kidole kilekile chenye mate kikawa kinashuka ndani. Nikasimama, nikapiga kelele: "Afande usiguse! Haba ni sumu! Hiyo kobo ni sumu!"

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Ningekaa kimya angechovya. Lakini nilikuwa nimefundishwa, na aliyenifundisha alikuwa amesimama pale, kwamba mtu akikaribia kopo lile unapiga kelele kwanza, mengine baadaye. Basi wakawa na asali ambayo si asali, na sumu, na Msomali. Mkubwa wao hakuhitaji kingine. "Shifta! Mmetia sumu kwenye asali mtuulie askari wetu!"

Nikasema, nikaapa, nikaeleza. Unajua Kiswahili changu cha mdomoni nikiogopa, p zote zinakuwa b, kila v inakuwa f. "Si fitu ya kula, afande! Ni gome, ya ngozi! Uliza huyu, Mutiso, tunafanya kazi bamoja!"

Mkubwa akamgeukia. "Wewe. Unamjua huyu?"

Hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua lile aliyeweza kutuokoa kwa neno moja, maana dereva alikuwa wa kukodi, hakujua gome wala urafiki wetu. Angecheka tu. Angesema, afande, hata mimi nililamba, asal ni gome. Alikuwa Mkristo, wa bara, ana kipande safi, na askari walikwisha mweka upande wa wasioshukiwa. Wangemsikiliza.

Akasema, "Simjui, afande. Mimi nilipewa lifti njiani tu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwita kwa jina la nyumbani, lile ulilompa wewe ulipokuwa huwezi kusema Mutiso. Nikamwita, "Tiso!" Akaivaa kofia yake.

Nikuambie ukweli wa mkono huu sasa. Nilikuambia mlango wa lori uliubana. Haukuwa mlango, ni kitako cha bunduki, kule walikotupeleka, na walichagua wa kulia kwa kuwa niliwaambia mimi ni fundi. Waliniachilia baada ya daktari mmoja kuipima ile poda na kuwaambia ni dawa ya ngozi. Hakuna aliyeniomba radhi, na sikutegemea. Askari sikuwawekea kinyongo kikubwa. Hawakunijua, na walisema ukweli kwamba hawanijui.

Mutiso nilikuta ameondoka Garissa. Hakumuaga mama yako. Visu vyangu aliviacha vimenolewa, vimepakwa mafuta, vimefungwa kwenye kitambaa mlangoni. Mama yako aliona ni wema. Mimi nilitaka kuvitupa mtoni, sikuvitupa kwa sababu wewe ungehitaji kujifunzia.

Watu wa hapa wakisikia wataniambia, ulitegemea nini kwa mtu wa bara? Usiwape nafasi hiyo. Katika miaka hii waliosema "simjui" nimewasikia wa kila kabila, na mmoja ni binamu yangu. Hawakuniuma. Ninayemlilia namlilia kwa sababu alikuwa wangu. Nimesalitiwa, Bishar, nalisema waziwazi angalau mara moja kwenye karatasi. Inaniuma ninaposhindwa kufunga kifungo cha shati. Inaniuma zaidi ninapokusikia ukimwuliza dereva wa lori, "Abti Mutiso hajambo?" kwa ile sauti ya furaha.

Na sasa ni huyo huyo aliyetuma salamu. Dereva wa lori la Nairobi alikaa hapo ulipokaa asubuhi, akaniambia Mutiso ni msimamizi kwenye karakana kubwa ya kujaza wanyama, na kwamba amekuombea ruhusa ya kutoka mkoani. Akaongeza, "Amewaambia wakubwa kijana huyu anamjua tangu kuzaliwa." Dereva alidhani ananipa habari njema. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikatoka nje nikasimama kwenye zizi tupu la ngamia mpaka nikaweza kurudi na uso.

Kwa hiyo mimi hakunijua, ila mwanangu anamjua.

Mama yako anasema amejuta. Huenda. Mimi namjua vizuri, ni mtu anayeweza kujuta kwa kweli na kuogopa kwa kweli, yote siku moja. Utaniuliza basi kwa nini nakuacha uende. Kwa sababu hapa tunaishi ndani ya waya, ngamia wameisha, na mikono yako inaoza bila kazi. Na kwa sababu nilipokataa mara ya kwanza ulilala na njaa, nikaona nakufunga kwa kosa la mtu mwingine. Lakini nimekuwa nikijiuliza jambo moja tu tangu ruhusa ifike, na ndilo lililonikalisha hapa. Siku askari watakapoingia kwenye karakana ile wakuulize kipande chako, wasikie p yako na v yako, wamgeukie msimamizi, atasema nini?

Sikutumi ukamlipizie. Usimwekee mkono, usimwekee maneno. Sikutumi pia umsamehe kwa niaba yangu, msamaha huo ni wangu na sijaumaliza kuutafuta. Ukimpenda bado, mpende, sitakuwa nawe kukuzuia, wala sitakuona msaliti. Ila usiende kipofu kama nilivyokuwa mimi.

Chini ya shati lako la Ijumaa nimeweka mfuko mdogo wa ngozi. Ndani yake kuna asal. Kwenye vizuizi, wakikuuliza, sema ni magome ya mti, ya kudabighia ngozi. Sema magome. Kila mtu anayajua magome. Ukisema jina letu utaniliza mara ya pili.

Ukifika kwa Mutiso, kabla hujavua viatu, kabla hujanywa chai yake, uweke mfuko ule juu ya meza mbele ya watu wake wa kazi, wawepo na wakubwa kama inawezekana. Atakuuliza ni nini, au mwingine atauliza. Hapo jibu kwa lugha yetu, neno moja, na unyamaze. Usimsaidie.

Akiwaambia watu wale kwamba ni gome, na kwamba aliwahi kulilamba siku yake ya kwanza Garissa, na mtu aliyemcheka anaitwa Yarow, baki. Jifunze kila anachokijua, maana hakuna fundi kama yeye, na siku ya hatari atakuwa amekwisha kulisema jina langu mbele ya watu na akaona hakufa. Hata akilia, baki. Hata akichelewa kusema, mpe muda wa mtu kumeza mate.

Lakini akilitazama na kusema hajui ni kitu gani, chukua mfuko wako, toka, urudi na lori hilo hilo. Usione haya, usifikirie tumekosa nini. Mtu anayeweza kuliruka neno lile mara ya pili atakuruka na wewe. Kazi itapatikana au haitapatikana. Hapa Galbet utamkuta mzee mwenye mkono mmoja mzima, na yeyote atakayemwuliza, askari au malaika, akiwa ameketi mchangani au amesimama, atajibu palepale kwamba anakujua.

Babako,
Yarow Dagane